Ngiri Inapokataa Kurudi Ndani

MIONGONI mwa mahamali wanaosukuma mikokoteni na kupakua malori upande wa Kibarani, si ajabu kumpata mtu anayeishi na ngiri kwa miaka bila kumwambia hata mkewe. Uvimbe hutokeza kinenani anapoinua gunia, na akilala chali hurudi. Basi huliona ni jambo la kuvumilia, tena la aibu.

Kinachotokeza pale mara nyingi ni utumbo, uliopenya mahali dhaifu pa ukuta wa tumbo. Maadamu waingia na kutoka, damu huupitia. Hatari huja siku utumbo huo unapobanwa katika tundu lile usiweze kurudi. Mishipa ya damu hukabwa, na utumbo unaokosa damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi, pengine mapema. Ukioza hutoboka, uchafu ukamwagika tumboni.

Dalili hazijifichi. Uvimbe uliokuwa laini huwa mgumu, huuma ukiguswa, na kulala hakuurudishi. Kisha mtu hutapika, tumbo hujaa, asiweze kwenda choo wala kutoa upepo. Hapo ndipo baadhi ya jamaa hupoteza usiku mzima wakimkanda kwa mafuta au kumnywesha haluli, mambo mawili yanayozidisha madhara. Asile chochote, apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huo huo, hata maumivu yakitulia ghafla.

Neno "mshipa" nalo hutatiza hapa pwani, kwani hukusanya ngiri na busha pamoja. Busha ni maji yaliyojikusanya kwenye mfuko wa korodani, na mara nyingi hapa kwetu huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Hayana utumbo ndani.

Wanawake nao wasijitoe. Ngiri ya juu ya paja huwapata wao zaidi, nayo ni nyepesi kukabwa.

Hata asiye na ngiri, hasa mzee ambaye moyo wake hudunda ovyo ovyo, damu iliyoganda yaweza kusafiri ikaziba mshipa wa utumbo. Mzee hugaagaa kwa uchungu, ilhali tumbo ukilibonyeza ni laini. Wengi husema ni gesi.

Mkifika hospitalini, mwambieni daktari maumivu yalianza saa ngapi, na mgonjwa alikula lini mara ya mwisho.