Pini Kabla ya Programu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeunganisha pampu ndogo ya maji na kompyuta ya Raspberry Pi 3, kwa kupitia transista ya MOSFET inayopitisha umeme lango lake lipatapo volti 3. Lango hilo amelifunga kwenye pini ya GPIO 4. Programu yake haina kosa. Lakini kila aiwashapo kompyuta, pampu huzunguka na maji humwagika, kabla programu haijaanza kazi.

Pini ya namna hii yaweza kupokea ishara au kuitoa. Itoapo, huwa juu, yaani volti 3.3, au chini, yaani volti 0. Kompyuta hii ipatapo umeme, pini zake huanza zikiwa za kupokea, nazo huvutwa upande mmoja na rezista dhaifu zilizomo ndani, zenye ukinzani wa omu 50,000 hivi. GPIO 0 hadi 8 huvutwa juu. 9 hadi 27 huvutwa chini. Kwa kuwa lango la MOSFET halihitaji mkondo wa kudumu, mvuto huo mdogo watosha kuiendesha pampu.

Mfumo wa Linux hujulishwa muundo wa bodi kwa maandishi yaitwayo mti wa vifaa. Humo huandikwa namba ya pini, kazi yake ya kupokea au kutoa, na hali yake: neno output-low huiweka chini, output-high huiweka juu. Hali iliyopewa jina la default huwekwa kabla programu ya kuendesha kifaa haijaitwa. Ile ya sleep hungojea mashine ilale. Ni utaratibu mzuri, maana bodi ikibadilishwa hubadilishwa maandishi tu.

Hata hivyo, mwanafunzi wetu akiandika output-low, pampu itazunguka bado, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Mti husomwa baada ya kiini cha Linux kupakiwa. Umeme ulikwisha kufika langoni zamani. Hapa wengi hupoteza siku nzima wakisahihisha maandishi yasiyo na kosa.

Afunge rezista ya omu 10,000 kati ya lango na waya wa ardhi. Ikishindana na ile ya ndani, lango litapata volti 0.55 tu, nayo transista haitafunguka. Au ahamie GPIO 17, ambayo huvutwa chini tangu mwanzo, na rezista aiache palepale.