Daktari Kijana na Uchaguzi wa Fani ya Ubingwa

Wagonjwa wengi hudhani kwamba daktari huingia chuoni akiwa tayari ameandikwa kuwa daktari wa moyo, wa macho au wa mifupa. Sivyo. Nchini Tanzania, anayesomea udaktari husoma miaka 5 mambo yaleyale wanayosoma wenzake wote: kwanza anatomia, fiziolojia na baiokemia, kisha kazi ya wodini. Hufuata mwaka 1 wa utarajali chini ya uangalizi. Baada ya hapo hupewa leseni na kwenda kazini, akimtibu kila ajaye. Ni baadaye, mara nyingi baada ya miaka kadhaa ya kazi wilayani, ndipo hurudi chuo kikuu, akaingia katika idara moja na kutamka fani ambayo atajulikana kwayo hadi kustaafu. Shahada hiyo ya uzamili huchukua kwa kawaida miaka 3, na anayetaka ubingwa bobezi huongeza mingine juu yake.

Marekani utaratibu ni mwingine. Huko kijana huweza kuanza chuo kikuu bila kutaja somo kuu, akahama kutoka koleji moja hadi nyingine ndani ya chuo hichohicho, na kutangaza somo lake baadaye. Hata anayekusudia udaktari anaweza kuhitimu katika historia, mradi awe amekamilisha masomo ya sayansi yanayodaiwa na shule za tiba. Kwetu, kijana wa kidato cha 6 huomba programu kamili kabla hajauona mlango wa chuo, na kuihama baadaye kunategemea sifa za kuingilia, nafasi na idhini. Ndiyo maana kwa wengi wetu fani ya ubingwa huwa uamuzi wa kwanza wa kitaaluma tunaoufanya tukiwa watu wazima, wenye familia na madeni.

Uamuzi huo hufanywaje? Kwa maoni yangu, hufanywa kwa macho zaidi kuliko kwa tafakuri. Daktari huchagua kile alichokiona kikitendwa vizuri na mwalimu aliyemheshimu. Utarajali hugawanywa hasa kati ya idara 4 kubwa, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Patholojia, afya ya akili na usingizi hupitiwa kwa haraka, na anayepitishwa kwa haraka hapendi. Huongezwa hapo hesabu ya kipato: fani ambayo bingwa wake anaweza kufungua kliniki yake jioni huvutia kuliko ile inayomfunga ndani ya hospitali.

Mimi ni bingwa wa usingizi na ganzi, hivyo msomaji ana haki ya kunishuku kwamba ninavutia kwangu. Lakini na tutazame hesabu. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limependekeza kila nchi iwe na angalau mabingwa 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kwa kipimo hicho tungehitaji mabingwa zaidi ya 3,000, nasi tuko mbali mno na idadi hiyo. Katika hospitali nyingi za wilaya kazi hiyo hubebwa na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, na wengi wao huifanya kwa ustadi mkubwa, usiku na mchana, bila bingwa wa kumpigia simu.

Mgonjwa huhisi upungufu huu bila kujua jina lake. Husikia tu kwamba upasuaji umeahirishwa. Nusu kaputi si sindano ya kulaza mtu kisha mtoaji akaondoka. Yule aliyemlaza ndiye anayelinda njia yake ya hewa, anayefuatilia shinikizo la damu na kiasi cha oksijeni dakika kwa dakika, anayemwamsha, na mara nyingi ndiye pia anayewahudumia wagonjwa mahututi. Kwa hiyo, mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji ana haki ya kuuliza nani atamlaza, na ana wajibu wa kueleza kwa ukweli alikula lini. Kwa mtu mzima ambaye upasuaji wake umepangwa, kanuni ya kawaida ni angalau saa 6 tangu chakula chepesi na saa 2 tangu maji matupu. Chakula kizito chenye mafuta hudai muda mrefu zaidi.

Wiki chache baada ya mwaka wa masomo kuanza, aliwahi kunijia daktari mmoja wa mwaka wa kwanza katika idara yetu. Baada ya kuniamkia alisema, “Dokta, nilijaza usingizi kwa sababu ndiko kulikokuwa na ufadhili. Moyo wangu uko kwenye uzazi.” Sikumkatalia. Nilimweleza kwamba kuhama kunahitaji mambo 3 kwa pamoja: nafasi katika idara anayoiendea, ridhaa ya mwajiri aliyempa ruhusa ya masomo, na maombi yaliyowasilishwa mapema. Alihama. Siku hizi, kabla hajampeleka mama mwenye kifafa cha mimba chumba cha upasuaji, hupiga simu kwanza kwetu, na taarifa anayotoa ni ile hasa tunayoihitaji.

Daktari anayekusudia kuomba mwaka huu asianzie kwenye fomu. Aombe ruhusa ya wiki 2 katika idara anayoiwazia, azifanye zamu za usiku pamoja na walio mwaka wa 2, na awaulize mabingwa wa umri wa kati, ambao wamekwisha kuzoea, nini kinawachosha. Kisha azungumze na mganga mkuu wake kuhusu fani ambayo hospitali inaihitaji, na barua ya ruhusa ya masomo itaje fani hiyo kwa jina.