Pikapu ikikaa kitako, usikimbilie kuinyanyua tu

GHUBRA, Muscat – Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ijumaa moja baada ya sala tulisimama nje ya nyumba tunayokaa hapa Ghubra, tukiitazama pikapu ya jirani yetu, mzee mwenye asili ya Unguja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichukua mizigo ya watu baina ya Muscat na Ibra. Nyuma haikuwa na kitu, hata gunia moja, lakini ilikuwa imekaa kitako, pua juu.

“Wanangu,” alituambia, “usiku wenzangu wananilalamikia, wanasema taa zangu zinawapiga machoni. Nataka niinyanyue kidogo. Na ikinyanyuka, nitapakia zaidi.”

Hilo la mwisho ndilo lililotutia wasiwasi. Jumatano iliyofuata alikuwa apeleke Ibra vyombo vya harusi ya mjukuu wake, na wajukuu wengine wawili wakiwa naye mbele.

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia Unguja tumezipanda sana daladala zenye banda la mbao nyuma, na tunajua gari iliyoelemewa inavyoyumba. Kazi yetu ni kalamu, si spana, lakini ugenini mtu hujifunza na yasiyokuwa yake. Tukafuatana naye gereji.

Springi za nyuma za pikapu nyingi ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakiwa na mpindo kama upinde. Mabamba hayo ndiyo yanayobeba uzito. Shokapu haibebi, kazi yake ni kutuliza mrukoruko. Kwa hivyo anayebadili shokapu peke yake akitaraji gari ya springi za mabamba inyanyuke, amepoteza fedha zake. Mpindo hupotea kwa miaka mingi ya mzigo mzito, bamba likipasuka, au bushi zikiliwa.

Fundi hakuanza na jeki. Aliiweka gari mahali tambarare, akasawazisha upepo wa matairi, kisha akapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili. Upande wa dereva ulikuwa chini kuliko wa pili kwa sentimita 3. Alipoingia chini na tochi akaiona sababu: bamba moja lilikuwa limepasuka karibu na bolti ya katikati, na bushi zilikuwa zimekwisha.

Njia za kunyanyua ziko kadhaa, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kuongeza bamba moja. Ni rahisi, lakini gari ikiwa tupu huwa ngumu, na mabamba ya zamani yanabaki na uchovu wake. Ya pili ni kuyapinda upya kwa nyundo. Chuma kilichochoka kikipindwa hivyo bila ya kupikwa tena kwa moto ipasavyo hurudi chini baada ya muda. Ya tatu ni kurefusha shekeli, kile kishikio cha mwisho wa springi. Ukiongeza sentimita 5, gari hupanda kiasi cha sentimita 2 na nusu tu, na pembe ya propela hubadilika. Ya nne ni kutia kipande cha chuma baina ya springi na ekseli ya nyuma. Kipande kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo huenda kikafaa; kupandanisha viwili ni kutafuta ajali.

Hapa palikuwa na bamba lililopasuka, kwa hivyo hapakuwa na mjadala. Mzee alinunua springi mpya za pande zote mbili, zenye mpindo uliozidi kidogo ule wa kiwandani, pamoja na bushi na bolti mpya za U. Bolti hizo zikishakazwa mara moja huwa zimevutika, hazifai kurudishwa. Bushi hukazwa mwisho, gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na bolti za U hukaguliwa tena baada ya kilomita mia chache.

Lakini somo kubwa lilikuwa la breki. Pikapu nyingi za Kijapani zina valvu iliyoungwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Gari ikishuka, valvu huamini kuna mzigo na kuzidisha nguvu ya breki za nyuma. Kumbe ndiyo maana mzee alikuwa akifunga breki gari tupu, mkia unateleza! Na ukiinyanyua gari bila ya kukirekebisha kijiti, mambo hugeuka: valvu huamini gari ni tupu hata ikiwa imejaa, na breki za nyuma hulegea pale zinapohitajika zaidi. Fundi alikirekebisha, akaangalia kama mabomba ya mpira ya breki hayavutiki, kisha akapanga taa upya.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya Oman haimruhusu mtu kubadili umbile la gari bila ya idhini ya polisi, na gari huweza kukaguliwa wakati wa kurejesha mulkiya. Wala urefu si ngao ya mafuriko. Walioshuhudia kimbunga Gonu, Juni 2007, wanajua bonde likishuka linafanya nini, na anayelivuka kwa makusudi likiwa na maji huadhibiwa.

“Sasa nipakie kiasi gani?” mzee aliuliza.

Fundi alimjibu kwa Kiarabu chake cha gereji: kiasi kile kile kilichoandikwa na kiwanda. Springi mpya hazikuongeza nguvu za ekseli, matairi wala breki.

Mzee alinyamaza kidogo, akatugeukia. “Basi nitakwenda safari mbili.”

Na Jumatano alikwenda mbili. Kabati ndilo lililongoja ya pili.