Kwa Nini Kambare wa Bwawani Hatagi

Kambare jike anayefugwa bwawani hukua, tumbo lake likajaa mayai yaliyokaribia kupevuka, lakini kwa kawaida hatagi. Na sababu ya hali hiyo haimo katika ovari zake, bali imo katika ubongo, ambako uzazi wa samaki huanzia.

Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupokea habari za msimu, kama vile joto la maji, kisha hutoa homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe mwilini, ambayo huichochea tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari nayo humwaga katika damu homoni mbili, moja ikisimamia zaidi ukuaji wa mayai na nyingine upevukaji wake wa mwisho. Ovari zikishachochewa hutengeneza estradioli, ambayo husafiri hadi kwenye ini na kulifanya litoe vitelojenini, protini inayobebwa na damu hadi ndani ya mayai ili iwe akiba ya chakula cha kiinitete. Kwa hiyo chakula kilichomo ndani ya yai la samaki, jambo la kustaajabisha kweli, kwa sehemu kubwa hutoka katika ini.

Hadi hapo kambare wa bwawani hajapungukiwa na kitu. Anachokosa ni wimbi kubwa la ile homoni ya pili, ambalo kwa samaki wa mtoni na ziwani huja wakati wa mvua, maji yanapofurika naye akapanda kwenye nyasi zilizozama ili kutaga. Bwawani mafuriko hayo hayapo, na dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, huendelea kuizuia pituitari isiiachilie homoni hiyo.

Njia ya kukikwepa kizuizi hicho ilipatikana Brazili katika miaka ya 1930, ambapo Rodolpho von Ihering na wenzake waliwadunga samaki dondoo la pituitari za samaki wengine, wakawafanya watage. Vituo vya kuzalisha vifaranga bado hutumia njia hiyo, au hudunga homoni ya haipothalamasi iliyotengenezwa maabara pamoja na dawa ya kuipinga dopamini, kama vile domperidoni.

Sindano hiyo, hata hivyo, haikuzi yai changa. Humalizia tu kazi ambayo lishe na miezi ya ukuaji vimekwisha kuifanya. Joto la maji nalo ndilo linalopanga muda, kwani katika nyuzi 25 za Selsiasi mayai huwa tayari kukamuliwa baada ya takribani saa 11, ilhali katika nyuzi 20 huhitaji karibu saa 21. Akikamuliwa mapema mayai hayatoki, na akicheleweshwa huharibika yasianguliwe. Kwa sababu hiyo, mfugaji asiye na kipimajoto asimdunge kambare wake.