TONE LA OILI CHINI YA GARI

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari anayeona doa jeusi uani kila asubuhi, akaliruka na kwenda zake, yafaa alikumbuke neno hilo. Huenda chanzo chake ni pete ndogo ya mpira inayoenea kiganjani, yaani sili ya nyuma ya krenki.

KAZI YA SILI

Krenki ni mtaimbo unaogeuza mwendo wa pistoni, wa kupanda na kushuka, uwe mwendo wa kuzunguka. Ncha yake ya nyuma hufungwa flaiwili, nayo flaiwili hubeba klachi. Hapo mtaimbo unapotokea nje ya injini ndipo sili ilipo. Ukingo wake mwembamba huugusa mtaimbo unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ukaizuia oili isipite. Joto na miaka huukausha mpira ukawa mgumu, na pengine mtaimbo wenyewe hulika.

Hasara si oili peke yake. Ikiifikia pleti ya klachi, klachi huteleza: injini hunguruma lakini gari halivuti. Gari lililopakia askari au watoto likishindwa katikati ya mlima, hatari yake haihitaji maelezo.

KUTAMBUA KABLA YA KUFUNGUA

Sili ni ya bei ndogo. Kazi ndiyo kubwa, kwa kuwa katika magari mengi ni lazima giaboksi ishushwe. Basi ni vema kuhakikisha kwanza. Utandikwe ubao wa kartoni chini ya gari usiku. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Ile ya giaboksi huwa nzito na mara nyingi hunuka kama kiberiti. Land Rover za zamani zina tundu chini ya nyumba ya klachi, ambalo huzibwa kwa bolti gari linapovuka maji mengi tu. Tone linaloning'inia hapo husema mengi.

Kisha yatazamwe ya juu. Gasiketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, oili huteremka nyuma ya injini ikamdanganya fundi. Vilevile kipumulio cha injini kikiziba, hewa iliyomo ndani husukuma oili nje, na sili mpya nayo itavuja upesi.

KAZI YENYEWE

Waya wa betri hufunguliwa, na gari huegemezwa juu ya vigingi imara vya chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Giaboksi ni nzito, hivyo watu wawili au zaidi wasaidiane. Hufuata klachi, kisha flaiwili, ambayo hutiwa alama ili irudi ilivyokuwa.

Sili kuukuu itolewe taratibu, bila kuukwaruza mtaimbo, maana mkwaruzo mmoja hutosha kuleta uvujaji mpya. Mahali pake pafutwe pawe safi. Sili mpya huelekezwa ukingo wake ndani, upande wa oili, na kusukumwa sawasawa pande zote. Sili nyingi za mpira hupakwa oili kidogo kwanza. Baadhi ya zile za kisasa hutiwa zikiwa kavu, kwa hiyo maagizo ya mtengenezaji yafuatwe. Bolti za flaiwili hukazwa kwa kupishana, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Pleti ya klachi iliyolowa oili ibadilishwe papo hapo. Kuiokoa ni kujitafutia gharama ya kuishusha giaboksi mara ya pili.

NYUMBANI

Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Ihifadhiwe katika debe lenye kifuniko, mbali na watoto, hadi ipelekwe gereji inayoipokea. Iliyomwagika sakafuni ifunikwe kwa mchanga au unga wa mbao kabla mtu hajateleza. Kwa majuma machache baada ya matengenezo, kartoni itandikwe tena kila usiku, na oili ipimwe kabla ya kila safari.