Ulimi wa Injini

Hadithi, hadithi! Utamu njoo, ila uongo ubaki huko huko, maana ya leo ni ya kweli tupu.

Mwaka 1956, huko California, Marekani, fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels na mwenzake Lou Borelli waliunga mabomba ya chuma, wakayatia magurudumu manne madogo, kisha wakapachika nyuma injini ya mashine ya kukata majani. Hapakuwa na mlango, paa wala springi. Hiyo ndiyo gokati ya kwanza. Ayrton Senna na Michael Schumacher, kabla dunia haijawajua, walijifunzia mbio kwenye vigari vya namna hiyo.

Sasa nisogeleeni. Kichwani mwa injini ile kuna kidude cha urefu wa kidole: plagi. Mmewahi kumwona fundi wa bodaboda akiifungua na kuikwangua masizi? Ndugu yake ndiye huyo. Injini nyingi za gokati za mashindano ni za mipigo miwili, kwa hiyo kila mzunguko una cheche yake. Injini ikizunguka mara 14,000 kwa dakika, plagi hurusha cheche zaidi ya 230 kwa sekunde. Kabla hujamaliza kutamka jina lako, imeshapiga mia.

Kila cheche huwasha petroli, nayo ikiwaka hutoa joto. Joto lote hilo linakwenda wapi? Ndani ya plagi kuna pua nyeupe ya kauri. Joto huingia nchani, likapita kwenye pua hiyo hadi kwenye ganda la chuma, likaishia kwenye silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini. Fikirini darasa lililojaa watoto, kengele imelia. Mlango ukiwa karibu, wanatoka mara moja. Ukiwa mwisho wa ukumbi mrefu, wanachelewa. Pua fupi ni mlango wa karibu, na plagi yake huitwa baridi. Pua ndefu hukaa na joto lake, nayo huitwa plagi ya moto. Majina haya yasiwachanganye: cheche ya plagi ya moto haina ukali zaidi.

Ncha isipofika nyuzi 450 hivi, masizi na oili, maana injini hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, huigandia hadi cheche ikapotea na kigari kikazimika njiani. Ikipita sana nyuzi 800, yenyewe inageuka kaa na kuwasha petroli kabla ya wakati. Hapo pistoni ya aluminiamu inaweza kutoboka. Ndiyo maana mimi husema, ukiwa na shaka, anza na iliyo baridi zaidi. Plagi yenye masizi hubadilishwa kwa dakika mbili. Pistoni ikitoboka, mbio za siku hiyo zimekwisha.

Someni na namba, tena kwa makini! Kwa NGK ya Japani, namba ikipanda ubaridi unapanda: B10EG ni baridi kuliko B9EG. Kwa Bosch ya Ujerumani ni kinyume, namba kubwa ndiyo ya moto. Ile herufi E ya NGK inasema shina lenye thredi lina urefu wa milimita 19. Ukifunga shina refu kuliko linalotakiwa, pistoni inaweza kupanda na kuligonga.

Kisha linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote. Dereva hukimbia kwa kasi yote, akazima injini ghafla bila kuiacha ingurume polepole, kigari kikateleza chenyewe hadi kwa fundi. Fundi anafungua plagi, anaielekeza juani, anaitazama pua yake kama daktari atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Nyeusi iliyolowa? Anaanza na kabureta, huenda inamwaga petroli nyingi mno. Ikiwa sawa, ndipo anatafuta plagi ya moto zaidi. Nyeupe yenye vidoa vinavyong'aa? Hivyo ni vipande vya pistoni inayoyeyuka, na hakuna kukimbia tena. Kahawia kama chai ya maziwa? Anairudisha mahali pake, anaikaza kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, na dereva anavaa kofia yake ngumu.