Meno ya papa wa kale: je, yapo katika mto Pangani?

Hivi karibuni tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu, kijana wa Korogwe. Ametumiwa video ya Mmarekani anayezamia mtoni na kuibuka na jino jeusi la papa, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Chini ya video mtu ameandika kwamba jino kama hilo huuzwa kwa fedha nyingi. Sasa yeye na wenzake wawili wanataka kuzamia Pangani, na anatuuliza waanzie wapi.

Kijana wetu, tunakuomba usizamie. Tutaeleza kwa nini.

Video yenyewe si uongo. Katika jimbo la South Carolina, kwenye mto Cooper, wapo watu ambao hiyo ndiyo starehe yao ya mwisho wa wiki. Wanavaa mtungi wa hewa, wanashuka kwenye maji meusi wakiwa na taa, na wanapapasa changarawe chini. Huko hobi hii ina leseni yake. Florida, kwenye mto Peace, wengi hata hawazamii: wanasimama ndani ya maji na kuchekecha mchanga, kama ndugu zetu wa Handeni wanavyoosha mchanga wa dhahabu kwenye karai.

Jino kubwa kabisa ni la megalodoni, papa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Linaweza kufika sentimeta 18. Mifupa yake hatuipati, kwa sababu mwili wa papa umejengwa kwa gegedu, kama lile la sikioni mwako, nalo huoza upesi. Meno ndiyo hubaki. Papa mmoja hudondosha maelfu ya meno maishani, mengine yakiota nyuma ya yale ya mbele. Yanayofukiwa kwenye tope la bahari hunyonya madini taratibu, yanageuka jiwe na kubadilika rangi.

Lakini angalia: mto hautengenezi jino. Mto unalifukua tu. Florida na South Carolina zilikuwa chini ya bahari, na mito yao leo inakata matabaka ya tope la bahari hiyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: mto wetu unakata mwamba gani?

Pangani hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, hupokea maji ya Pare na Usambara, ndipo hufika Korogwe. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano. Pare, Usambara na sehemu kubwa ya Handeni ni miamba migumu iliyopikwa kwa joto na kugandamizwa chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ndiyo maana tuna dhahabu Magambazi na vito Kalalani. Wakati miamba hiyo inapikwa, papa walikuwa hawajatokea duniani. Utazamia mwaka mzima na hutaokota jino hata moja. Utakachokutana nacho ni mamba, mkondo na kichocho.

Mambo hubadilika ukishuka kuelekea Tanga. Mapango ya Amboni yamo ndani ya chokaa iliyotandikwa baharini yapata miaka milioni 150 iliyopita. Na kusini kabisa, Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi wa Kitanzania, kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi, na mifupa ya mmoja wao imesimama Berlin hadi leo, kimo chake mita 13. Pamoja na dinosaria hao yalipatikana pia meno ya papa, kwa kuwa bahari ilikuwa jirani. Watu wengi hawalijui hilo. Mnyama mkubwa ameyafunika.

Sasa kuhusu kuuza. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu mabaki ya kale ya wanyama wenye uti wa mgongo, na papa ni mmoja wao, kuwa mali inayolindwa. Kuyachimba bila leseni ni kosa, na kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Florida mtu anaruhusiwa kuokota meno ya papa bila kibali chochote. Hapa si hivyo. Mtu akikwambia utoe fedha kwanza ili akuunganishe na mnunuzi wa Ulaya, zima simu.

Na kama unachimba kisima au unalima ukanda wa pwani ukakuta kitu? Jino lina sehemu mbili: ncha laini inayong'aa, mara nyingine yenye kingo kama msumeno mdogo, na shina lenye kukwaruza. Jiwe lililovunjika kwa ncha halina shina. Ukiona dalili hizo, usilitoe wala usilioshe. Lipige picha palepale, ukiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa ujulikane, kisha mwone mtendaji wa kijiji ili taarifa ifike kwa ofisa utamaduni wa wilaya.